Inkubeta Tusitume



Kwenye mkutano wetu wa mwezi uliopita, kabla pilau haijafika (maana ikishafika hakuna mjadala tena), liliibuka wazo kwamba tuchangishane tununue inkubeta na vifaa vya kuoteshea virusi, tuvipeleke kwenye maabara ya hospitali moja kule nyumbani. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri. Watu wanaletwa hospitali wana malengelenge mwili mzima, daktari anaangalia kwa macho tu, huyu anaambiwa tetekuwanga, yule mkanda wa jeshi, mwingine anatengwa kwa kuhisiwa mpox, na hakuna mwenye uhakika. Mtoa hoja akasema kuotesha virusi ndicho kipimo cha dhahabu, kwa hiyo tuwapelekee dhahabu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Basi nayasema hapa yale niliyotaka kusema pale.

Kwanza mjue kwamba mimi kalcha siichukii. Mwaka 2004, nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali hapa Uingereza, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuangalia chupa. Unafika saa mbili, unavaa koti jeupe, unafungua inkubeta yenye joto la nyuzi 37, unatoa vichupa kimoja kimoja na kuviweka chini ya hadubini. Ndani yake kuna seli za binadamu zimejitandaza kama mkeka, nyembamba na ndefu, zimelala upande mmoja kama dagaa kwenye chano. Nyingi zilikuwa za aina iitwayo MRC-5, ambazo asili yake ni mapafu ya kijusi, zilizoanzishwa London mwaka 1966. Juu ya mkeka huo ndipo ulipomwaga majimaji yaliyotoka kwenye lengelenge la mgonjwa. Halafu unasubiri.

Sasa kusubiri kwenyewe! Vile virusi vya malengelenge ya mdomoni, vinavyotoka mtu akiwa na homa, havichoshi: siku mbili tatu mkeka mzima umechanika. Virusi vya tetekuwanga havina haraka hata kidogo. Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya tano hakuna kitu. Kwenye siku ya saba, ukiwa na bahati, unaona kikundi kidogo cha seli zilizovimba, zimekuwa duara na zinametameta, mahali pamoja tu, na majirani zake wazima kabisa kama vile hawajasikia habari. Kikundi hicho kinapanuka polepole. Maabara nyingi ziliweka chupa hadi wiki mbili, nyingine tatu, ndipo ziandike kwamba hakuna kilichoota.

Ipo sababu, na ndiyo inayonifanya nibishe. Kwenye ngozi ya mgonjwa virusi hivi huelea ndani ya maji ya lengelenge, vingi na huru, ndiyo maana tetekuwanga ikiingia nyumba moja inawapitia watoto wote. Lakini kwenye chupa tabia yao hubadilika. Havitoki nje ya seli vikaelea kwenye maji, bali hupita kutoka seli moja kwenda seli iliyogusana nayo. Hata ukitaka kuvihamishia kwenye chupa nyingine, kuchota yale maji hakusaidii sana. Inabidi ubandue seli zenyewe zilizoambukizwa, zikiwa hai, uzihamishe. Na vikiwa nje ya seli ni dhaifu: joto linaviua, kukauka kunaviua, kugandishwa vibaya kunaviua. Sampuli inatakiwa ichukuliwe kwenye lengelenge bichi, siku za mwanzo, iwekwe kwenye kimiminika maalumu na kwenye barafu, na ifike maabara haraka, ikiwezekana siku hiyohiyo.

Haya, sasa chukueni sampuli hiyo muitoe zahanati ya kijijini kwetu. Kifurushi kinapanda pikipiki mpaka barabarani, kinasubiri basi, kinakaa chini ya kiti karibu na injini pamoja na ndizi za watu, basi linapata pancha, kinafika mjini jioni wakati mtu wa mapokezi ya maabara ameshaondoka. Kesho yake sampuli inamwagwa kwenye seli zetu za bei mbaya, zinalindwa wiki mbili, na jibu ni kwamba hakuna kilichoota. Kitaota nini jamani? Virusi vilishakufa tangu kwenye basi.

Tena hata hapa, barafu ipo na barabara ni za lami, kalcha ya virusi hivi haikuwa hodari. Maabara mbalimbali zilizoilinganisha na PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, ziliona kalcha ikikosa hata nusu ya wagonjwa ambao PCR iliwakamata. Wapo watakaonikatiza waseme kuna njia ya mkato, ile ya kuzungusha sampuli kwenye mashine kwa kasi ili virusi visukumwe vishike kwenye seli, kisha baada ya siku mbili au tatu unazipaka kingamwili zenye rangi inayong'aa bila kusubiri uharibifu uonekane kwa macho. Ni kweli, niliifanya, na inapunguza siku za kusubiri. Lakini nayo inataka virusi viwe hai. Mzigo uliokufa njiani haufufuki kwa kuzungushwa.

Nina kisa kinachonifanya niwe mkali kwenye jambo hili. Mwaka huohuo wa 2004 kaka mmoja wa jumuiya yetu, sitamtaja wala kusema anatoka wapi, alitokewa na malengelenge upande mmoja wa kifua, yamezunguka kama mkanda mpaka mgongoni. Mkanda wa jeshi wenyewe, kama walivyouita wazee. Mnajua minong'ono yetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 madaktari wa Afrika ya Kati na Mashariki waliona kwamba vijana wengi waliopata mkanda wa jeshi walikuwa na virusi vya Ukimwi, na toka hapo ugonjwa huu mitaani ukawa kama cheti. Kaka yetu akavaa sweta, akakaa kimya, maumivu yanamla usiku. Alipokwenda kliniki ilikuwa siku ya tisa, malengelenge yameshakauka yamebaki magaga. Kijiti cha pamba kikapitishwa juu ya magaga, sampuli ikapelekwa kuoteshwa. Wiki mbili baadaye jibu likaja: hakuna kilichoota.

Unajua alifanyaje? Alifurahi. Alinipigia simu akasema, "Nimepona bwana, wamepima hawajaona kitu, ilikuwa mzio tu." Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba magaga hayana virusi hai, na kwamba jibu lile lilikuwa linazungumzia sampuli, halimzungumzii yeye. Alikuwa ameshachelewa asaiklovia, maana dawa hiyo inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Na kwa kuwa aliamini hakuwa na mkanda wa jeshi, hakwenda kupima VVU, kipimo ambacho kijana yeyote mwenye mkanda wa jeshi anastahili kupewa, apimwe kwa heshima bila kuhukumiwa. Alikuja kupima miaka miwili baadaye, akiwa hoi. Leo ni mzima, anatumia dawa zake, ana watoto, na ameniruhusu kuandika haya. Lakini miaka miwili ile ilipotea kwa sababu ya karatasi yenye maneno matatu.

Nisieleweke vibaya hapo. Mkanda wa jeshi si cheti cha Ukimwi. Mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga amebaki na virusi hivyo vimelala kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na kinga ikilegea, iwe kwa uzee, kwa maradhi au kwa sababu isiyojulikana, vinaamka. Huko Marekani wanakadiria mtu 1 kati ya 3 ataupata katika maisha yake. Bibi zetu wengi wameupata. Ninachosema ni kwamba jibu la uongo la maabara ni baya kuliko kukosa jibu, kwa sababu mtu akikosa jibu anaendelea kutafuta.

Kalcha ina heshima yake na sitaki kuivunja. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Budapest aitwaye Bókay aliona watoto wakipata tetekuwanga baada ya kuishi karibu na mtu mwenye mkanda wa jeshi, akahisi ni kitu kimoja. Ilibaki hisia mpaka Thomas Weller wa Boston alipofaulu kuvikuza virusi hivi kwenye seli za binadamu miaka ya 1950, akachukua vya tetekuwanga na vya mkanda wa jeshi, akaonyesha ni vilevile. (Huyu ndiye aliyepata Nobel mwaka 1954 pamoja na Enders na Robbins, kwa kuotesha virusi vya polio.) Bila chupa zile tungekuwa bado tunabishana.

Na chanjo nayo imetoka kwenye chupa. Mjapani Michiaki Takahashi alikuwa Houston, Texas, miaka ya 1960, mtafiti ugenini kama sisi, mwanawe mdogo alipougua tetekuwanga vibaya sana. Aliporudi Osaka akachukua virusi kutoka kwa mtoto wa miaka 3 wa familia ya Oka, akavikuza mara 11 kwenye seli za mapafu ya kijusi cha binadamu kwa joto la chini kidogo, nyuzi 34, kisha mara 12 kwenye seli za panyabuku wa maabara, mpaka vikapungua makali. Mwaka 1974 akatangaza chanjo. Marekani iliidhinisha chanjo ya aina hiyo mwaka 1995, na hapa Uingereza imeingizwa kwenye ratiba ya watoto Januari 2026. Kwa hiyo mtu akiniambia kalcha haina maana, nitamkatalia. Lakini Weller na Takahashi hawakuwa wanampa mama mjamzito jibu la leo jioni. Walikuwa na miaka. Hilo neno "kipimo cha dhahabu" tunalibeba kutoka vitabu vya wakati hakukuwa na kingine, tunalipeleka nyumbani kama lilivyo.

Nije kwenye hofu yangu kubwa zaidi, ambayo pale mkutanoni hakuna aliyeigusa. Mnataka maabara ioteshe majimaji ya lengelenge ambalo hatujui ni la nini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, ikitoka Kivu Kusini na kusambaa Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025. Ugonjwa haukuondoka pamoja na tangazo. Congo inajulikana miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya wanaohisiwa kuwa na mpox, wakipimwa, wanakutwa na tetekuwanga, na wengine wana vyote viwili. Sasa chukua sampuli ya mtu kama huyo uimwage kwenye seli. Ikiwa ni mpox, virusi vile havina aibu kama hivi vyetu: vinaota haraka na kwa wingi. Umemtengenezea fundi wa maabara chungu kizima cha mpox kwenye chumba cha kawaida chenye dirisha la wavu. Ndiyo maana miongozo ya usalama inakataza maabara za kawaida kuotesha sampuli inayohisiwa mpox. Hospitali tunayoizungumzia haina chumba cha usalama wa kiwango hicho, na sisi kwa michango ya pauni kumi kumi hatutakijenga.

Bado sijagusa gharama ya kuiendesha inkubeta yenyewe. Inataka gesi ya kabonidayoksaidi, mtungi baada ya mtungi. Seli zinataka seramu ya ndama iliyoagizwa nje ikiwa imegandishwa. Akiba ya seli inakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Seli za MRC-5 hazigawanyiki milele, zinazeeka, lazima uanze upya. Na mtu wa kuzilisha awepo Jumamosi, Jumapili na Idi. Umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta haina mafuta, asubuhi una chupa arobaini za supu. Kila mmoja wetu ameshaona mashine ya msaada imefunikwa kitambaa cha kudarizi kwenye kona ya maabara, juu yake kuna birika la chai.

Mtaniuliza, basi wewe unataka tufanye nini? Nataka pesa zetu zinunue vitu vidogo visivyopendeza kwenye picha. Kwanza slaidi. Ukikwangua chini ya lengelenge bichi, ukapaka kwenye slaidi na kuitia rangi ya Giemsa, ileile ambayo kila maabara ya kwetu inaitumia kwa malaria, unaweza kuona seli kubwa zilizoungana zenye viini vingi. Kipimo hicho hakitenganishi tetekuwanga na vile vya mdomoni, ndugu zake, lakini ni cha robo saa na hakihitaji kitu kigeni. Slaidi hiyohiyo ukiipaka kingamwili zenye rangi inayong'aa, unapata jibu kamili la tetekuwanga ndani ya saa mbili hivi. Hapo inatakiwa hadubini maalumu, na wengi hawajui kuwa hospitali nyingi za kwetu zimeshapata hadubini za taa ya LED kwa ajili ya kifua kikuu, baada ya WHO kuzipendekeza mwaka 2011. Baadhi zinaweza kufaa zikikaguliwa vichujio vyake. Kukagua kichujio ni kazi ya barua pepe moja kwa mtengenezaji.

Halafu PCR. Corona ya 2020 ilituachia mashine za PCR kwenye miji ambayo zamani hazikuwepo, na baadhi sasa hazina kazi nyingi. Zinachokosa kwa tetekuwanga ni vitendanishi na mtu aliyefundishwa. Uzuri wa PCR ni kwamba haijali kirusi kimekufa au kiko hai, vinasaba vinabaki. Kijiti kikavu kinatosha, hata magaga yanatosha. Kaka yetu wa siku ya tisa angekamatwa. Kifurushi cha chini ya kiti cha basi kingejibu. Na kijiti hichohicho kinapimwa mpox papo hapo, kikiwa kimeshauliwa kwa kemikali kabla ya kazi kuanza, bila kumuweka fundi kwenye hatari ya chupa.

Kalcha ibaki, ila ibaki inakostahili: Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanza mwaka 1936, au KEMRI kule Nairobi, na nyingine za hadhi hiyo. Akitokea mgonjwa mwenye kinga dhaifu ambaye asaiklovia imemgomea, mtu anataka virusi hai ili avijaribu na dawa nyingine, na hao ndio wenye vyumba, naitrojeni na watu wa Jumapili. Mtoa hoja alisema kwamba tukiacha kuotesha, vijana wetu hawatajifunza virolojia ya kweli. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunza kwenye zile chupa, na hakuna picha ya kitabuni inayofanana na kuona kile kikundi cha seli siku ya saba. Jibu langu ni kwamba tumlipie kijana mmoja nauli na malazi miezi mitatu Entebbe. Itagharimu kidogo kuliko inkubeta, na kijana hahitaji mtungi wa gesi.

Neno dogo kwa wanaosoma uuguzi na udaktari kati yetu. Kwenye nchi za baridi, pasipo chanjo, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaugua tetekuwanga kabla ya kuwa vijana. Kwetu wengi wanafika utu uzima hawajaugua, na mtu mzima akiugua anaumia kuliko mtoto. Mapafu yanaweza kuingiliwa, na kwa mjamzito ni hatari zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa chanjo wa hapa Uingereza unasema kumbukumbu ya "niliugua utotoni" haitegemeki sana kwa waliozaliwa na kukulia nje, wafikiriwe kupimwa. Hicho ni kipimo cha damu cha kingamwili, si kalcha. Ukiitwa kwenda kupimwa usikasirike ukadhani unabaguliwa. Mimi nilikasirika, kisha nikakutwa sina kinga hata chembe, na huku nilikuwa nikishika chupa zile tangu Septemba.

Mweka hazina ameniambia mpaka sasa tumeahidiana pauni mia nane na kitu, na inkubeta iliyotumika imeshapatikana, muuzaji anasubiri jibu. Naomba asijibiwe kabla ya mkutano ujao. Nitaleta slaidi na hadubini niliyoazima idarani ili kila mtu aone mwenyewe, na naomba dakika kumi, tafadhali, kabla ya pilau.